Mapovu ya Dada

Dada yangu ni dobi, na mimi mdogo wake ni dobi. Tunafua nguo za watu uani kwetu, beseni kwa beseni. Mimi sijui kutulia, hata sasa nikisimulia mguu unacheza. Dada ndiye mtulivu. Nguo yenye doa yeye huibembeleza, mimi huiparua.

Maji ya sabuni yakibaki tulikuwa tunayamwaga chooni. Mimi ndiye niliyeanzisha, nikijiona mjanja: choo kinang'aa bure. Basi mle ndani mapovu hayakukosekana, na mkojo wa dada ulipoanza kutoa povu, nani angejua? Miguu ikamvimba, nikasema ni kusimama sana. Viungo vikamuuma, nikasema ni maji baridi. Mdomo wangu huu!

Siku uso ulipomvimba nikampeleka hospitali. Daktari hakuzungusha maneno: dada ana ugonjwa uitwao lupasi. Kingamwili, zile kinga za damu zinazopaswa kupambana na vijidudu, zimemgeuka mwenyewe. Zinanasa kwenye vichujio vya figo, vichujio vinavimba na kuumia, protini inavuja.

"Ndiyo inayoleta povu kwenye mkojo," akasema. "Hamkuliona?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akapewa dawa za kuzituliza hizo kinga. Figo bado zinaokoleka, daktari alisema, lakini povu likirudi aje siku hiyo hiyo, asingoje miadi. Tangu hapo hata tone la sabuni halikuingia chooni. Kila asubuhi nilikuwa mlangoni.

"Dada, vipi?"

"Hamna kitu. Hebu niache nikojoe kwa amani, we mtu!"

Tunacheka. Miezi minne hivyo.

Jana nimeingia chooni nikakuta mapovu hadi ukingoni.

"Dada! Nani kamwaga sabuni humu?"

Alikuwa anakamua shuka. Hakuinua uso. "Mimi."

"Wewe? Una wazimu?"

"Nimechoka kuyaangalia, mdogo wangu. Yamerudi tangu wiki iliyopita."

Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, nikabaki nimesimama tu kama mjinga. Halafu nikamnyang'anya shuka, nikamkalisha kwenye kigoda, nikaleta viatu vyake vya kutokea. Nikasukuma. Nikasukuma tena. Havikuingia.

"Vaa ndala," nikamwambia. "Twende."