Chanuo Alilolipiga Msasa Pokuaa

Pale Ahwiaa, kijiji cha wachonga mbao, mwanamke hachongi. Tezo ni la mume. La mke ni msasa na mafuta. Kwa miaka kumi na mmoja Yaa Pokuaa alisugua machanuo aliyochonga mumewe, Kwabena Addai, jino kwa jino, mpaka mti ule mweupe uteleze kama sabuni. Yalikuwa ya maharusi na ya wanawake waliojifungua salama. Yeye alichania yaliyopasuka.

"Wewe chanuo la nini," Addai alikuwa akimtania, "na mchongaji mwenyewe unalala naye?"

Pokuaa alicheka. Mimi jirani yao sikuwahi kuona cha kuchekesha, na Addai nilikuwa simpendi hata kidogo.

Mwaka ule alichonga chanuo lenye mwanamke amesimama juu ya meno, mtoto mgongoni. Pokuaa, ambaye hakujaliwa mtoto, alilisugua siku tatu. Jino la mwisho lilikuwa na fundo lililokataa kulainika, likabaki na kikwaruzo kidogo.

"La nani hili?"

"La tajiri mmoja wa Kumasi. Anampelekea mkewe."

Jumapili, tukitoka kanisani, mdogo wake Pokuaa, Dansowaa, alikuja kumsuka. Siku hizo alikuwa akivaa nguo pana. Pokuaa akakaa chini, katikati ya magoti yake, nami pembeni namenya karanga. Nikaona Dansowaa amelifumbata chanuo lake sehemu ya juu, ili nakshi isionekane. Kiburi cha penzi jipya hakina akili.

Kwenye mstari wa tatu Pokuaa akatulia ghafla. Kuna kitu kilimkwaruza kichwani.

"Nipe hilo chanuo."

"Nikimaliza, dada."

"Dansowaa. Nipe."

Akalitazama, kisha akalitazama tumbo la mdogo wake. "Miezi mingapi?"

"Mitano."

Hakumpiga. Aliondoka na chanuo mkononi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka, akapita katikati ya kijiji hadi kwa mama yao, Maame Birago. Nilimfuata. Kwetu ukoo ni wa mama, na binti aliyeonewa hukimbilia kwa mama. Alitaka neno moja tu: kwamba amedhulumiwa.

Mama alikuwa akimenya mihogo. Alimsikiliza bila kuacha kumenya.

"Mtoto ni wa tumbo letu," akasema. "Ukoo umepata mtu. Addai angezaa na mwanamke wa nje, sisi tungefaidi nini?"

"Kulala na mdogo wa mkeo ni mwiko, mama."

"Najua. Ndiyo maana pana kuchinja kondoo, kuuondoa mwiko."

Kondoo mwenyewe akalia nyuma ya nyumba. Pokuaa akaenda kuchungulia. Mnyama alikuwa amefungwa kwenye kigingi, na majani yote yaliyomzunguka yalikuwa yameliwa mpaka udongo.

"Huyu ana siku nyingi hapa," akasema aliporudi.

"Tangu mwezi uliopita."

"Ulijua."

"Addai alitaka kukuacha, mwanangu. Unadhani nani alimpeleka Dansowaa kwake?"

Nilidhani atapiga kelele. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hapa alikuwa mama mzazi. Alikaa chini kwenye maganda. Halafu akaniinulia macho makavu.

"Na wewe, Afrakoma?"

Karanga zilikuwa bado mkononi mwangu. Nilijua tangu mavuno ya viazi vikuu. Wanawake wote wa ua ule tulijua, tukawa tunamsalimia kila asubuhi.

Nikainama kumenya karanga. Akageuza uso.