Wekundu wa Fizi za Zohra

Kwa miaka thelathini Mebarka amewapamba maharusi wa mji wa Nefta, na humpa kila mmoja gome la mti wa jozi atafune, ili fizi na midomo ivae wekundu. Lakini kabla ya gome humwamuru asukutue kwa maji na kuyatema kwenye bakuli jeupe.

"Shangazi, kwani nimekuja kwa daktari?" wasichana humcheka.

"Tema."

Bakuli lile lilikuwa la Zohra, mdogo wake, biharusi wa kwanza aliyempamba. Wiki nzima baada ya harusi kinywa cha Zohra kilikuwa chekundu bado, na wanawake wakamsifu Mebarka mpaka kichwa kikamvimba. Zohra alimnong'oneza, "Dada, kila asubuhi mto wangu una doa."

"Ni gome hilo," Mebarka akamjibu. "Kazi yangu haitoki upesi."

Zohra akakonda, akawa hashibi maji, na Mebarka akadhani ni mimba. Mwaka haukuisha wakamzika. Ulikuwa ugonjwa wa sukari, na swali la kwanza la daktari lilikuwa: fizi zilianza lini kutoka damu?

Leo aliyeketi mbele yake ni Hniya, bintiye mwenyewe. Msichana alisukutua, akatema. Ndani ya bakuli uzi mwekundu ukajikunja polepole majini.

Ni gome hilo, ulimi wa Mebarka ukataka kusema, kama zamani.

Lakini gome lilikuwa bado mkononi mwake, halijatafunwa.