Mimba Aliyoigundua Shangazi

Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kupishana kijijini kwetu Nkoma na malori yao, mdogo wangu aliacha kula. Alikuwa darasa la saba, ana akili kunishinda mimi, ingawa hilo si sifa kubwa. Ugali aliupapasa tu. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alimpa mbwa, mbwa akanawiri. Mama alidhani minyoo, baba akadhani kiburi. Mimi niliyelala naye nilijua tu magoti yake yanachoma kama jembe, na nyayo zake ni za baridi hata mchana wa jua.

Kisha hedhi yake, iliyoanza juzijuzi tu, ikakoma. Mama akamwambia shangazi, yaani akatangaza redioni.

Shangazi alifika kutoka Zagayu, hata salamu ya asubuhi, "mwangaluka", hakuimaliza.

"Mtoto ana mimba!"

"Iko wapi, shangazi?" nikauliza. "Tumbo limebonyea mpaka uti wa mgongo."

"Nyamaza, mdomo wewe! Nyingine hukaa mgongoni."

Akamfunua mgongo. Palikuwa na vinyweleo laini kama vya kifaranga. "Mmeona? Nywele za mtoto hizo!"

Mdogo wangu hakucheka. "Shule watanifukuza," akasema. Mtihani ulikuwa karibu, na mwenye mimba hakuruhusiwa kuufanya.

Baba akamshuku kijana jirani, muuza mitumba, akamfuata kudai ng'ombe wa fidia. Kijana akashangaa: "Mzee, juzi nimemuuzia suruali ya mtoto wa chekechea, ikampwaya! Mimba ataiweka wapi?"

Baba aliporudi, mdogo wangu alisimama ajitetee, akaanguka. Tukamkimbiza hospitali.

"Hana mimba, ana njaa," daktari akasema. "Ubongo ukiona chakula hakiji, unapunguza homoni. Hedhi inasimama, kurefuka kunasimama, mifupa inadhoofika. Hivyo vinyweleo ni mwili unajitafutia blanketi."

"Njaa gani, na ghala limejaa?"

"Mzee, anaumwa. Ugonjwa ndio unaomkataza kula, si kiburi. Mngechelewa, moyo ungesimama."

Baba akavua kofia.

Shangazi akaleta sufuria zima la wali na kuku. Muuguzi akamzuia mlangoni: "Kidogo kidogo, mama. Aliyekaa na njaa muda mrefu ukimshindilia ghafla, unamuua." Shangazi akakaa barazani, akaula wote mwenyewe, kwa majonzi.

Tulikaa sana pale. Kila kijiko kilikuwa kesi, na mtihani ulimpita. Akarudia darasa mwaka uliofuata. Siku moja jikoni akamnong'oneza mama kwamba ile iliyokoma imerudi. Mama akapiga vigelegele, baba akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka. Alipoelezwa, akakohoa, akawatazama ndama kwa muda mrefu.

"Basi... chinjeni kuku."

Chakula kilipoiva mdogo wangu akasema, "Mkimwambia shangazi, sili."

Tukakauka wote. Akatutazama mmoja mmoja, akaangua kicheko, akachukua paja.