Bi Msingi Hafuati Paa

Ofisini tunamwita Bi Msingi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kazi yetu ni kuchora ramani kutoka picha za setilaiti, picha kali kiasi cha kuona beseni lililosahauliwa uani. Ila setilaiti haitazami wima kila mara. Ikitazama kwa ubavu, ghorofa huonekana limelala: paa kule, msingi huku. Mvivu huchora paa akaenda zake kunywa chai. Bi Msingi huchora paa, kisha hulivuta mpaka ukuta unapogusa ardhi. Asiyefanya hivyo hurudishiwa kazi, na mimi nimerudishiwa mpaka nikakoma.

Mwaka huu tulipewa bonde la mto. Ramani yetu ndiyo ingeamua nyumba zipi zihamishwe kabla ya mvua, maana mto ule ulishaua watu. Karibu kabisa na mstari wa hatari, mpaka ambao mafuriko hufika, palikuwa na ghorofa lenye tangi jeusi. Bi Msingi alilitambua kabla hata ya kulikuza. Lilikuwa la kaka yake, aliyemlea baada ya wazazi kufa, akamsomesha kwa kujinyima.

Paa lilikuwa nje ya mstari. Msingi ulikuwa ndani.

Hakumficha. Alimpigia simu, na kaka mtu akaja mpaka mezani kwetu.

"Mdogo wangu, si paa linaonekana liko nje? Liache hivyohivyo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Damu nzito kuliko maji, au umesahau?"

"Sijasahau. Lakini hayo maji, kaka, hayaingilii paani."

Akaondoka bila kuaga. Nilimwonea hasira Bi Msingi, sifichi. Roho ngumu gani ile? Kisha nikamsikia akilia chooni. Alirudi amenawa uso, akauvuta msingi mahali pake, akahifadhi kazi.

Jumamosi alikodi gari la mizigo, akatuburuta wenzake wawili mpaka kwa kaka yake. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Umenitoa kwangu," alisema.

"Nimekuchora pale ulipo. Kwangu kuna vyumba viwili, kimoja chenu."

Bi Msingi akampita, akaingia sebuleni, akashika kabati upande mmoja. Tulipotaka kumsaidia alitukataza kwa macho. Kabati lile lilikuwa la mbao nzito, mtu mmoja haliwezi, naye hakuliachia. Alisubiri tu, ameinama, mpaka kaka yake akaja akashika upande wa pili.