Matobolwa ya Nesi

Leo asubuhi, kwenye foleni ya zahanati huku Isevya, mwanamke mmoja amefungua kitambaa chenye matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa juani. Harufu yake imenirudisha utotoni.

Nilikuwa mdogo, sijaanza shule. Mama aliumwa kifua, na tulitembea tangu alfajiri kufuata dawa. Nesi, mama mtu mzima, akamuuliza amekula nini.

"Ugali na mlenda," mama akajibu.

"Hatujala tangu jana," nikasema mimi.

Mama akainamisha kichwa. Nesi hakumkaripia.

"Dawa hizi zinataka chakula, dada yangu. Ndiyo maana unazitapika, halafu unaziacha."

Akatoa matobolwa yake ya mchana, akayaweka mezani. Mama akachukua la kwanza akanipa mimi, kama alivyozoea.

"Hapana, anza wewe," nesi akasema. "Mtoto naye atapata."

Mama akatafuna polepole, machozi yakimtoka, bila kunitazama, kisha akameza vidonge vyote. Nilisimama nikimwangalia, maana sikuwahi kumwona akila kabla yangu.