Nilivyoikimbilia Firigisi Majini

Kwetu Kabras kuku akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe. Mabawa ni ya watoto, mgongo ni wa akina mama, na firigisi ni ya baba mwenye boma. Mwanamke huipasua, huibandua ile ngozi ya manjano ya ndani, huiosha, huipika na kuileta mezani, na shughuli yake na firigisi inaishia hapo. Mama yangu amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini bila kulalamika, au tuseme bila kulalamika kwa sauti.

Miaka mitano iliyopita meno ya baba yalianza kumtoroka na firigisi ikamshinda. Akataka kumrithisha kaka yangu, mkulima wa mahindi kule Likuyani, mtu mwenye meno ya kutafuna gunzi na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Nikauliza mbona mimi, binti yake, sikufikiriwa. Baba hapendi ugomvi siku ya Krismasi, kwa hiyo alicheka, akasema basi tukimbie sisi wawili, kutoka langoni hadi kwenye mizani ya miwa na kurudi, na mshindi ale. Alitoa ahadi hiyo kwa sababu aliamini haina hatari yoyote.

Akawa sahihi Krismasi nne mfululizo. Mara ya kwanza kaka alinishinda kwa umbali wa aibu. Mara ya nne alinishinda kwa hatua tatu tu. Kila mara aliitafuna ile firigisi polepole akinitazama usoni. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, nina umri wa kutosha kuwa na busara, na nakiri hapa kwamba niliitaka firigisi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kupandishwa cheo.

Basi mwaka jana nikafanya mazoezi kama mwendawazimu, mpaka mwisho wa Septemba mguu ukakataa. Picha ikaonyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye mfupa wa muundi. Mama wa fizio, mtaalamu wa viungo, aliyeniangalia alisema nikirudi barabarani kabla ya mwezi wa kumi na mbili, Krismasi itanikuta na magongo. Nililia pale pale kwenye kitanda chake. Hakuniuliza sababu, nami nilimshukuru, kwa maana ningejibu nini?

"Kimbia majini," akaniambia. "Kwenye kina, miguu isiguse chini. Mwili wima, magoti juu, mikono ifanye kazi kama barabarani. Vaa mkanda wa kuelea."

Mkanda wa kuelea sikuupata duka lolote. Kuogelea pia sijui. Nikachukua mitungi miwili mitupu ya mafuta ya kupikia, ile ya lita tatu, nikaifunga kiunoni kwa leso, nikaenda kwenye bwawa la hoteli moja pembezoni mwa mji saa kumi na moja baada ya kazi. Mitungi ikapanda hadi kwapani. Nilipoishusha, mmoja ulikimbilia mgongoni, nikageuka uso chini, nyayo zikiangalia mbingu. Mwangalizi wa bwawa alikuwa mwanamume mnene wa makamo ambaye pia ndiye mchoma nyama wa hoteli. Akaruka majini na aproni yake.

Siku ile aliniokoa mara mbili. Kesho yake nilikuja na mpira wa bodaboda wa kufungia mizigo, mtungi mmoja mbele, mwingine nyuma, nikaelea vizuri kabisa, akaniokoa tena.

"Madam," akasema, akihema, "wewe unazamanga ama unafanyanga mazoezi? Mimi siwezi jua. Sura ni ile ile."

Alikuwa na haki. Anayekimbia majini hupiga mikono, hutoa macho, hutweta, na haendi popote. Nusu saa nzima nilikuwa nimesogea labda urefu wa meza. Tukakubaliana kwamba nikizama kweli nitainua mikono yote miwili, na kwamba yeye, badala ya kuniokoa, atanipimia muda: dakika mbili kasi, dakika moja taratibu. Dakika zikiisha aliinua mkono juu yangu. Radi za jioni zikianza kunguruma, alinivuta nje kwa ufito wa kuopolea majani.

Sasa, mama mmoja anayeleta mboga jikoni mwa ile hoteli anatoka kijijini kwetu. Aliona alichokiona, yaani mimi ndani ya maji, macho nimefumba, nikitweta, na mwanamume ameinua mkono juu ya kichwa changu. Akaipeleka habari nyumbani, Malava.

Inabidi nieleze kwamba kanisa la mama yangu halibatizi kwa maji. Kwao ubatizo ni wa Roho, na maji ni ya kunywa, kuoga na kupikia. Binti kuzamishwa na kanisa lingine ni sawa na kulihama la kwao mchana, watu wakiona. Mbaya zaidi, habari ilisema ninabatizwa kila siku. Baadaye niliambiwa kwamba swali lililomkosesha mama usingizi ni hili: ni dhambi gani hiyo isiyotoka kwa maji ya siku moja?

Alhamisi moja nikiwa katikati ya dakika zangu mbili, nikaona vitambaa vinne vyeupe vya kichwa vikiingia lango la hoteli. Mama na wenzake watatu wa kanisani walivuta viti vya plastiki, wakaketi kandokando ya bwawa, wakafungua na wimbo. Nilifikiria kuinua mikono yote miwili.

"Mwanangu, toka huko," mama akasema wimbo ulipoisha.

"Bado mara tatu, mama."

Akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Hawa wanazamishanga mara tatu." Kisha akamwinukia mchoma nyama. "Ni wewe unanibatizia mtoto?"

"Mimi nachomanga nyama tu, mama," akajibu yule maskini, mkono bado uko hewani.

Ikabidi niungame. Nikiwa naelea kati ya mitungi miwili ya mafuta, nikawaeleza habari ya mfupa, na fizio, na kaka, na kwamba ninachotafuta mle majini si wokovu, ni firigisi. Nilisubiri kukemewa. Badala yake mmoja wao, mjane mwenye wajukuu wengi, akauliza, "Hiyo firigisi, ikiwa mdomoni inakuwanga namna gani?"

Wanawake wanne waliopika kuku maisha yao yote wakatazamana. Ndipo nilipopata aibu, kwa sababu kwa miaka yote minne niliyoililia firigisi sikuwahi kufikiria kwamba anayeipakua hajawahi kuionja.

"Unaweza kumshinda?" mama akaniuliza.

"Naweza."

"Basi maliza zako tatu." Wakanianzishia wimbo mwingine, wa kupiga makofi, wakazidi kuuharakisha mpaka nikaona nyota.

Mfupa ukapona. Mwezi wa kumi na mbili fizio akaniruhusu kurudi barabarani kidogo kidogo, na nilipogusa udongo nilijiona mwepesi, maana maji hayampi mtu nafasi ya kupumzika hata kwenye kunyanyua goti. Krismasi baada ya ibada, baba akapuliza filimbi langoni. Kaka alitangulia hadi kwenye mizani. Tukigeuka nikasikia pumzi yake inakwaruza, nikampita penye mitaro ya miwa, na nikafika kwa baba hatua kumi mbele. Nilipiga kelele ambazo sitazirudia hapa. Kaka alikaa chini kwenye nyasi, akavua kofia, akasema viatu vilimbana.

Tukanawa mikono. Baba akaniketisha karibu naye, akatangaza mbele ya wote kwamba ahadi ni ahadi, akafunua bakuli. Akageuza mapaja kwa kijiko. Akachungulia chini ya mgongo. Firigisi haikuwepo.

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni, kitambaa chake kichwani, mikono mapajani.

"Nimeikula," akasema. "Ninyi mmekimbia muda mrefu, na mimi nilikuwa nayo hapa."

Baba alibaki na kijiko mkononi kama mtu aliyesahau kilichomleta. Mimi nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimeelea wiki nane kati ya mitungi kwa ajili ya ule mnofu. Lakini nilimtazama mama, miaka sabini na moja, akinisubiri niseme neno, na hasira ikakataa kuja. Nikamuuliza mdomoni ilikuwaje.

Akafikiri, ulimi ukitafuta kitu kwenye meno.

"Ilipungua chumvi," akasema. "Lakini mpishi ni mimi. Mwaka ujao nitaongeza."