Mahali au Mahari

Niliporudi kutoka Uingereza, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nilikuwa na diploma ya uhandisi wa sauti, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono kuipata. Niliosha sahani za watu, nikabeba spika za watu ngazi kwa ngazi, nikasoma jioni. Muda si mrefu nikawa na studio katikati ya jiji, orofa ya tatu juu ya duka la vitambaa, na nyumba yangu mwenyewe katika mtaa wa Mountain View. Geti lake jeusi nililichora mimi, na mafundi wa mtaani walikuwa wakisimama kulitazama. Nayataja haya ili msomaji ajue ni sikio la nani lililoitambua bendi ile kwanza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeketi nje na chai yangu niliposikia, ng'ambo ya ua, ngoma zinazokimbia na gita linalokwaruza, na juu yake sauti ya kijana anayepiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake upande wa pili wa bonde. Nikaweka kikombe chini. Kule ughaibuni nilikuwa nimefunga maikrofoni za bendi kama hizo katika vyumba vya chini ya baa, jioni baada ya jioni. Huo ulikuwa muziki wa panki: nyimbo fupi, mishiko mitatu tu ya nyuzi za gita, hasira nyingi na hakuna kubembeleza. Mtaani kwetu Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya. Sikuwahi kuutarajia hapo.

Jirani yangu alikuwa mjane mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, na nyuma ya vyumba hivyo palikuwa na banda alilofugia kuku zamani. Humo nikawakuta watatu. Kwenye ngoma alikuwa binti wa mwenye ploti, mwanafunzi wa chuo, aliyejifunza kupiga kanisani. Wa besi alikuwa tarishi katika ofisi moja Upper Hill. Mwimbaji alikuwa kijana wa Kangemi, mtaa wa vyumba vya bei nafuu, aliyekuwa akichoma nyama Kenyatta Market, na sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na moshi na kuita wateja tangu asubuhi hadi jioni. Sauti kama hiyo haifundishwi popote. Najua, nimesoma.

"Buda, tumekusumbua?" akauliza.

Nikamwambia mimi si buda, sijazeeka, mimi ni injinia, na waya wa pili wa gita lake umelegea.

"Basi injinia, tukazie."

Nikaukaza. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakanipigia nyimbo zao zote, na zote kwa pamoja hazikuzidi urefu wa mahubiri mafupi. Mmoja ulihusu foleni ya hospitali, ambapo kila anayeimba mstari anasukumwa nyuma na anayefuata. Mwingine ulihusu askari wa mlangoni katika majumba ya mjini anayekukataza kupumzika kwenye ngazi. Lakini wa mwisho ndio uliosimamisha nywele zangu. Ubeti wa kwanza kijana anafukuzwa chumbani, wa pili anafukuzwa kibarazani pa duka, wa tatu anafukuzwa hata uani pa kanisa, na kila mara kiitikio ni maneno mawili tu, yakirudiwa hadi koo linakaribia kupasuka: Sina mahali.

Yaani hivyo ndivyo yalivyoandikwa. Kijana huyu, kama wengi wa upande wetu wa nchi, alikuwa akiichanganya L na R, hasa akipandisha sauti. Mimi mwenyewe nimezaliwa na ulimi huohuo, ila niliunyoosha mapema. Yeye alipopiga kelele, kilichotoka kilikuwa: Sina mahari.

Nikawaambia nitawarekodi studioni kwangu. Nilijua nina kitu ambacho hakuna mwenye studio mwingine mjini angekitambua hata kama kingemgonga mlangoni.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na ngoma. Banda lilikuwa na kufuli. Tarishi alinisubiri getini akanieleza, huku akijizuia asicheke, kwamba mama mwenye ploti alirudi mapema kutoka kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa akiwa na wenzake wawili. Walipofika uani, wakamsikia kijana wa nyama akipaza sauti, na binti wa mama huyo akimpigia ngoma, kwamba hana mahari. Hana mahari, hana mahari, mara nyingi, mbele ya wageni. Mama akaelewa kwamba kijana anamtaka msichana bure, na kwamba msichana amekubali na anashangilia. Binti alijaribu kusema ni mahali. Mama akajibu kwamba ndiyo, amesikia vizuri, ni mahari. Wote wawili wanatamka sawa, kwa hiyo kadiri walivyobishana ndivyo kosa lilivyozidi kuthibitika. Binti akaambiwa ngoma basi, atarudi kwenye kwaya.

Bila msichana yule hapakuwa na bendi. Wapiga gita niliweza kuwapata popote, lakini mkono kama wake, wa kusukuma wimbo mbele bila kuuangusha, nilikuwa nimeusikia mara chache, hata ng'ambo. Nikaamua kwenda kusema na mama mwenyewe. Nikamchukua kijana, nikamvalisha koti langu, kwa sababu huwezi kumpeleka mtu nyumbani kwa watu akinuka mkaa. Na kwa kuwa nimelelewa vizuri, sikwenda mikono mitupu. Tulibeba sukari, majani ya chai, mkate na kreti ya soda.

Mama alituona tukiingia na mizigo hiyo, mtu mzima mbele na kijana mwenye koti nyuma, akageuka na kumwita shemeji yake, mkulima kutoka Limuru aliyekuwa amekuja kumtembelea. Mzee akaketi kiti cha katikati. Chai ikamiminwa.

"Msemaji wenu ni nani?" akauliza.

Nikasema ni mimi. Nikaanza kwa Kiswahili changu kizuri, nikashukuru kwa chai, kisha nikasema tumekuja kumwomba binti yao. Nilikusudia kuendelea kwamba tunamwomba kwa ajili ya kupiga ngoma, lakini jikoni kitu cha bati kilianguka, na nikamsikia msichana akicheka hadi akakohoa. Mzee akaniambia kwa upole kwamba mtoto bado anasoma, na kwamba watu wa heshima hutuma neno kwanza.

Nikaeleza habari ya L na R. Nikaeleza hata jinsi ulimi unavyogusa kaakaa. Mzee akasikiliza, akajaribu, akasema mahari, akajaribu tena, akasema mahari, akamtazama shemeji yake. "Huyu anatutania?"

Hapo ndipo kijana alipovua koti langu akalikunja juu ya magoti. Akasema, "Mama, niimbe tu. Pole pole."

Akaimba bila gita, karibu kwa kunong'ona. Chumba. Kibaraza cha duka. Ua wa kanisa. Kila alipofika kwenye kiitikio alisema lilelile neno lenye R, lakini sasa lilikuwa na beti nyuma yake, na hakuna mtu chumbani ambaye hakujua lilimaanisha nini. Mama alikuwa amepanga chumba Kangemi miaka mingi kabla ya kununua ploti ile, aliwahi kunieleza. Akatazama kikombe chake hadi wimbo ukaisha.

"Kama hana pa kukaa," akasema, akiliepa neno kabisa, "apige kelele zake hapo kwa kuku. Na kama hana ng'ombe, akae mbali na msichana wangu. Mlango wa banda utakuwa wazi, na mimi nitakuwa napita."

Mzee akaomba tumwachie soda.

Tulirekodi kabla ya mvua. Nyimbo zote zilipatikana kwa siku moja, kwa sababu nilizipanga maikrofoni vizuri. Tulipofika kwenye ule wa mwisho, kijana aliuliza kama airekebishe ile R. Nikamwambia aimbe kama anavyoita wateja sokoni.

Mama alipanda orofa zote tatu na kofia yake ya kanisani ili aone binti yake ameketi umbali gani na mwimbaji. Nikamweka kando yangu, mbele ya mashine. Alisikiliza wimbo ukirudiwa, mikono juu ya mkoba, akipima kwa macho nafasi iliyokuwa kati ya ngoma na gita. Kisha akaniinamia.

"Ngoma ya mtoto wangu haisikiki vizuri."

Nikaipandisha. Nilikuwa nakaribia kuipandisha mwenyewe.